Nguo za ndani za baridi kwa mwanamke: anzia kwenye sidiria

Swali: Mimi ni mwanamke wa miaka 34 na nimejiunga na kikundi cha kutembea milimani. Baada ya miezi miwili tutakuwa na safari ya siku nne, mahali ambapo halijoto ya usiku hushuka hadi nyuzijoto 10 chini ya sifuri. Katika mazoezi ya kwanza nilivaa fulana nene ya mikono mirefu na taiti zenye manyoya kwa ndani. Wakati wa kupanda nililowa jasho, na tulipoketi kula nilitetemeka mpaka nikashindwa kufungua chupa ya maji, ingawa koti langu ni zuri. Je, ninunue nguo nene zaidi? Nichague sufu au poliesta? Nguo zinazouzwa kama za kike zina tofauti ya kweli, au ni rangi tu? Na nibebe ngapi?

Jibu: Dada msomaji, nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa ukikosea hapo hata manunuzi mengine yote hayatakusaidia: usinunue nguo nene zaidi. Kilichokutetemesha pale mlipoketi ni maji uliyokuwa umeyavaa. Nguo inayogusa ngozi ina kazi moja kubwa, nayo ni kuliondoa jasho kwenye ngozi na kulipeleka nje. Joto lenyewe hutunzwa na sweta na koti vinavyokuja juu yake. Ukiichagua nguo hiyo kwa kuogopa baridi utachagua nene, lakini ukiichagua kwa kufikiria jasho lako utachagua inayokufaa.

Hesabu yake ni rahisi na ningependa uifuate. Maji hupitisha joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa tulivu, kwa hiyo fulana iliyolowa ikakugandama mgongoni huvuta joto la mwili muda wote. Zaidi ya hapo, jasho linapogeuka kuwa mvuke huondoka na joto: kila gramu moja huhitaji takriban kilojuli 2.4. Tuseme fulana na taiti zako zilikuwa zimebeba gramu 100 za jasho, kiasi cha nusu kikombe cha chai hivi. Kulikausha lote kunahitaji kilojuli 240, na kwa kuwa mwili uliopumzika hutoa joto la takriban wati 100, jasho hilo peke yake linaweza kumeza joto lote unalozalisha kwa dakika 40. Ulipokuwa unapanda na mzigo mgongoni, mwili ulikuwa unazalisha joto mara nne au tano ya kiasi hicho, ndiyo maana hukuhisi kitu. Mlipoketi, moto wa ndani ulipungua ghafla lakini maji yalibaki palepale, na koti zuri halina uwezo wa kukausha kilicho chini yake.

Sasa nitakuambia jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Kwa mwanamke, tabaka la kwanza si fulana. Tabaka la kwanza ni sidiria na chupi, na fulana ni la pili. Unaweza kununua fulana bora ya sufu, ukaivaa juu ya sidiria ya pamba yenye sponji, na ukawa umeharibu kazi yote kabla hujatoka mlangoni.

Nakumbuka jioni moja katika kambi iliyokuwa juu, nikiwa na mwenzetu ambaye alikuwa amevaa vizuri kuliko sisi wote: fulana ya sufu, sweta nyepesi na koti la manyoya ya bata. Bado alitetemeka, na tulimwongezea nguo bila mafanikio. Tukiwa ndani ya hema nilimwomba avue mpaka mwisho. Fulana yake ilikuwa na unyevu kidogo tu mgongoni, lakini sidiria, alipoiminya kwa mkono mmoja, ilidondosha matone kwenye sakafu ya hema, na ngozi ya chini ya matiti ilikuwa baridi kama samaki aliyetoka majini. Alivaa fulana kavu bila sidiria, akarudisha sweta na koti, na baada ya robo saa mtetemo ulikwisha. Alikuwa amebeba kitambaa cha maji baridi kifuani tangu saa sita mchana.

Kwa hiyo fedha yako ya kwanza iende kwenye sidiria. Tafuta isiyo na sponji, iliyotengenezwa kwa poliesta nyepesi, nailoni au sufu ya merino (sufu laini ya kondoo wa aina ya merino), yenye mikanda mipana iliyolala bapa. Angalia mahali vilipo vikaza mkanda na vishikizo: kipande cha plastiki kinachokaa juu ya bega kitakuwa chini ya mkanda wa begi siku nzima, na ndoano ya chuma katikati ya mgongo itakandamizwa na begi lenyewe. Mazoezini mambo hayo huonekana madogo, lakini siku ya pili ya safari huwa vidonda. Ikiwa una matiti makubwa, usikubali kupoteza uthabiti kwa ajili ya wepesi. Chagua sidiria ya michezo inayolibeba kila titi peke yake kwa kitambaa chembamba, kisha ubebe ya pili ili ubadilishe mnapofika kambini. Fulana zenye sidiria iliyoshonewa ndani sizipendi kwa safari za baridi, kwa sababu ile sehemu inayolowa zaidi huwezi kuibadilisha bila kuvua kila kitu.

Kuhusu chupi, kanuni ni ileile. Pamba ni nzuri kwa siku ya kawaida, lakini katika kupanda mlima hunywa jasho la kinena na la kiunoni na kubaki na unyevu unaosugua ngozi. Chupi nyembamba ya merino au ya poliesta, isiyo na mshono mnene pembeni, inatosha. Wapo wanawake wanaovaa taiti bila chupi, na si vibaya ikiwa taiti hizo zina kipande cha kitambaa kilichoshonewa kati ya miguu, kwa kuwa mishono minne inayokutana hapo bila kipande hicho huchubua. Siku za hedhi beba chupi ya ziada kwa kila siku, maana pedi huzuia hewa upande wa chini na unyevu hukaa.

Nikirudi kwenye fulana yako, nadhani ni ya pamba, au ni ya mchanganyiko ambao pamba ni nyingi. Geuza mshono wa ubavuni usome kile kibandiko kidogo. Maneno makubwa ya mbele ya pakiti kuhusu joto hayana maana mahususi, lakini kibandiko husema kitambaa ni cha nini na kwa asilimia ngapi. Ukikuta pamba ni zaidi ya nusu, iwekee nguo hiyo kazi ya kulalia nyumbani. Viskosi ya mianzi, yaani kitambaa cha nyuzi zinazotengenezwa kutokana na mianzi, ambayo husifiwa kwa ulaini na uasili wake, ihesabu katika kundi hilohilo, kwa kuwa hunyonya maji mengi na huchelewa kukauka. Hariri ni nyepesi na inapendeza mwilini, lakini haivumilii mikanda ya begi.

Zinabaki sufu ya merino na poliesta, na hapa sitakuambia kwamba moja imeishinda nyingine, kwa sababu zinatofautiana katika namna ya kushughulika na maji. Katika hewa ya kawaida poliesta hubeba unyevu usiofika hata asilimia moja ya uzito wake. Jasho hutembea juu ya nyuzi zake bila kuingia ndani, likatandaa kwenye kitambaa na kukauka upesi. Sufu huuingiza mvuke ndani ya nyuzi zenyewe, na inaweza kufikia karibu theluthi moja ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Tena, inaponyonya mvuke huo hutoa joto kidogo, jambo linalosaidia pale unaposimama ghafla. Ubaya wake ni kwamba ikishalowa kabisa hukauka polepole, na ikiwa nyembamba sana hutoboka mahali mkanda wa begi unaposugua kiunoni. Poliesta nayo hushika harufu. Siku ya tatu utaisikia wewe mwenyewe na wenzako ndani ya hema, wakati fulana ya merino ya siku hiyohiyo bado inavumilika.

Kwa safari yako ya siku nne, yenye kupanda mchana na baridi kali usiku, ningechagua merino kwa fulana, au mchanganyiko wa merino na nailoni kidogo ya kuipa uimara. Kama wewe ni mtu wa jasho jingi, yule ambaye mgongo wake hulowa hata kwenye mteremko mdogo, ningekwenda na poliesta nyembamba mchana na merino usiku. Usiogope kuwashwa na sufu kabla hujaigusa. Kinachowasha ni ncha za nyuzi nene, hasa zinazozidi maikroni 30 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kwa kuwa hazipindi zinapokutana na ngozi, na merino nzuri ya nguo za ndani huwa na nyuzi za wastani wa maikroni 19 au chini ya hapo. Ipitishe kitambaa ndani ya kiwiko na shingoni kabla ya kununua, si kiganjani, maana kiganja hakihisi. Na kama mtapikia kwa moto wa kuni, kumbuka kwamba poliesta huyeyuka kwenye takriban nyuzijoto 260 na inaweza kunata kwenye ngozi, wakati sufu huungua kwa shida na haiyeyuki.

Unene hupimwa kwa gramu za kitambaa kwa kila mita moja ya mraba, na namba hiyo ni ya kuaminika kuliko maneno kama nyepesi au nzito, ambayo kila mtengenezaji huyatumia apendavyo. Kitambaa cha gramu 120 hadi 160 ni cha mtu anayefanya kazi ya kutoa jasho: kupanda na mzigo, kukimbia, kuteleza kwenye theluji tambarare. Gramu 180 hadi 220 zinamfaa anayetembea polepole na kusimama mara kwa mara. Kuanzia gramu 250 ni nguo ya kuketi, kulinda kambi au kulala. Wewe chukua fulana ya takriban gramu 150 kwa mchana, na seti ya gramu 200 au 250 kwa ajili ya usiku peke yake. Fulana mbili nyembamba zilizovaliwa pamoja hukupa nafasi ya kupunguza na kuongeza, nafasi ambayo moja nene haikupi.

Miguuni wengi huzidisha. Mapaja ndiyo injini ya kupanda na hutoa joto jingi, kwa hiyo katika mchana wa nyuzijoto sifuri au zaidi suruali ya kutembelea inatosha yenyewe, bila taiti. Zile taiti zako zenye manyoya ndani ni za kuketi. Manyoya yale hushika hewa unapokuwa mkavu na hushika jasho unapopanda. Ziache zikusubiri kambini. Kuna pia vitambaa vyenye vijumba vidogo kwa upande wa ndani, na vile vya wavu mtupu, ambavyo mwonekano wake humshangaza mtu asiyevijua. Wazo hilo ni la mwaka 1933, wakati afisa wa jeshi la Norway, Henrik Brun, alipotengeneza fulana kwa nyavu za uvuvi. Matundu hushika hewa, na ni nyuzi chache tu zinazogusa ngozi yenye jasho. Kwa mwanamke wavu huleta shida moja, kwamba mikanda ya begi huuchapa kwenye ngozi laini ya mabega, kwa hiyo tafuta wenye mabega ya kitambaa kisicho na matundu.

Umeuliza kama nguo za kike zina tofauti ya kweli. Zinayo, ila haipo katika nguo zote zenye jina hilo. Nguo ya ndani hufanya kazi pale tu inapogusa ngozi, kwa sababu jasho haliruki pengo. Fulana ya kiume kwa mwanamke mwenye kifua hukaza juu, ikaacha pengo chini ya matiti, mahali pale pale jasho linapokusanyika. Kwapani hujikunja chini ya mikanda ya begi, na kwenye nyonga hubana kisha hupanda juu kila unapoinua mguu, ukabaki na kiuno wazi. Fulana ya kike iliyokatwa vizuri huwa na nafasi ya kifua, kiuno kilichoingia na upindo mrefu unaofunika nyonga. Hata hivyo nimekutana na fulana za kike ambazo tofauti yake na za kiume ni kitambaa chembamba zaidi na urefu uliopunguzwa ili zipendeze, kwa hiyo linganisha gramu na urefu kabla ya kulipa. Na kama una mabega mapana na nyonga ndogo, fulana ya kiume inaweza kukukaa vizuri. Usiikatae kwa sababu ya kibandiko.

Unapoijaribu, vaa sidiria utakayoivaa safarini. Inua mikono yote juu kana kwamba unafikia mwamba, kisha chuchumaa mpaka chini. Upindo ukitoka kiunoni, iache. Mshono wa bega usikae juu kabisa ya bega. Ulio mzuri umesogezwa mbele au nyuma ili mkanda wa begi usiukalie. Ingiza kidole chini ya lastiki ya kiuno na ya kifundo cha mkono: kiingie bila kusukuma. Nguo ya kubana sana hukwamisha damu, na vidole vyako vitakuwa vya kwanza kulalamika. Ukosi wenye zipu fupi ninausifu kuliko nyongeza nyingine yoyote, kwa kuwa kuufungua kifuani wakati wa kupanda hutoa joto kabla halijawa jasho. Ni msaada mkubwa pia kwa wanawake walio karibu na ukomo wa hedhi, ambao joto huwapanda ghafla bila kungoja kilele cha mlima.

Jambo la haja ndogo lazima nilitaje, maana wanawake wengi hupunguza kunywa maji kwa kuogopa kuvua katika upepo, na upungufu wa maji huufanya mwili uchoke mapema. Ndiyo maana sikushauri vazi la kipande kimoja kuanzia shingo hadi miguu, isipokuwa lile lenye zipu inayopita chini na kuishia nyuma ya kiuno. Taiti zenye kiuno cha juu, pamoja na fulana ndefu inayobaki imening'inia unapochuchumaa, hukuweka wazi kwa muda mfupi tu na mgongo wako hauguswi na upepo.

Kuhusu baridi ya vidole, iliyokufanya ushindwe kufungua chupa: mishipa ya damu ya mikononi kwa wanawake hujibana zaidi kwenye baridi kuliko ya wanaume kwa wastani, kwa hiyo kifua kikipoa mikono hupoa mara moja. Kukausha kifua kutasaidia mikono kuliko glavu nene. Halijoto ya mwili pia hupanda kwa nyuzijoto 0.3 hadi 0.5 katika nusu ya pili ya mzunguko wa hedhi, na baadhi ya wanawake huihisi baridi kwa namna tofauti katika siku hizo. Ukilijua hilo hutailaumu fulana iliyokufaa wiki mbili zilizopita. Lakini vidole vikigeuka vyeupe kabisa, kisha bluu, kisha vyekundu vyenye maumivu, hata kwenye baridi ndogo, mwone daktari kabla ya safari, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa hali ya Raynaud, ambayo huwapata wanawake zaidi na ambayo nguo peke yake haiwezi kuitatua.

Kufua ni rahisi. Merino ifue kwa maji yasiyozidi nyuzijoto 30, bila kuisugua wala kuikamua kwa kuisokota, kisha ilaze bapa ikauke. Joto na msuguano huzifungamanisha nyuzi zake na nguo husinyaa bila kurudi. Usitumie dawa ya kulainisha nguo kwenye sufu wala poliesta, kwani huacha utando unaozuia jasho kupita, na usitumie dawa ya kung'arisha kwenye sufu kabisa. Ihifadhi ikiwa safi, ndani ya mfuko uliofungwa, kwa sababu nondo hupenda sufu yenye jasho.

Sasa idadi. Kwa siku nne beba fulana mbili za mchana, sidiria mbili, chupi nne, taiti moja nyembamba kwa siku ya baridi kali, na seti moja ya usiku ya fulana na taiti nene. Seti ya usiku iweke ndani ya mfuko usiopitisha maji na usiivae mchana hata mara moja, hata ukishawishika, kwa kuwa ndiyo nguo kavu utakayoitegemea ikiwa mtu atalowa. Mnapofika kambini, kabla hujanywa chai na kabla hujafungua hema la mwenzako, vua kila kitu kinachogusa kifua chako, jifute, uvae seti hiyo. Asubuhi anza kutembea ukiwa unahisi baridi kidogo, na baada ya dakika kumi simama upunguze tabaka moja ikiwa bado umevaa sana.

Kabla ya hayo yote, fanya jaribio moja wikendi hii. Panda mlima wowote ulio karibu kwa saa moja ukiwa na begi lenye uzito wa safari, kisha uketi kwa dakika kumi na tano bila kuongeza nguo. Ukirudi nyumbani, vua na uguse kila kipande kimoja kimoja kwa mgongo wa kiganja, ukianza na mbele ya sidiria, halafu chini ya matiti, kiunoni na katikati ya mgongo. Kipande utakachokikuta kimelowa na ni baridi zaidi ndicho cha kubadilisha kwanza.